Hirizi ya Horvan na Kiti cha Jumanne

Jumanne, 7 Januari

Mimi ni Reino Kiviranta, Mfini, na jina nimeliandika hapa juu asije mtu akadai daftari hili ni la Duane. Marlys amesema kila mchezaji atakayeandika habari za mchezo akifika nyumbani atapewa harage moja la kutia kwenye kikombe chake, sawa na anayetenda jambo jema mchezoni. Hasomi, anaangalia tu kama umeandika. Duane anaandika mistari miwili, Colleen mitatu. Mimi nitaandika kurasa. Shule niliiacha darasa la nane nikaenda kukata magogo na baba, halafu mgodi wa chuma miaka thelathini na nane, na mpaka leo hakuna mtu kaskazini yote ya Minnesota aliyewahi kuendesha mashine ya kuchota mawe kama mimi. Kalamu haiwezi kunishinda.

Mchezo wenyewe ni hivi. Marlys, yule wa maktaba, ndiye Mwenye Shimo. Yeye anatuambia kuna nini nyuma ya mlango, sisi tunamwambia tunafanya nini, dadu zinaamua. Tunashuka chini ya mlima, ghorofa baada ya ghorofa, kuna majitu na kuna hazina. Mimi ni Kalle, mtu wa mlimani, mfupi, ndevu mpaka kwenye mkanda, nyundo mkononi. Duane Brekke, Mnorwei, aliyekuwa dereva wa basi la shule, ni askari wa upanga anaitwa Haldor. Colleen, nesi anayenipima presha, ni mwanamke mwembamba wa kufungua kufuli, Mirel. Tunacheza chini ya kanisa la Kilutheri. Juu watu wanaomba Jumapili, chini tunaomba Jumanne.

Viti ni vitatu na cha Marlys. Mtu wako akifa shimoni, kiti anapewa anayengoja, na wewe hurudi mpaka theluji ya mwaka mwingine. Ukikosa Jumanne tatu mfululizo, hivyo hivyo. Anayengoja ni Arlo Pelkey. Anakaa karibu na birika la kahawa, koti mwilini, anatukodolea macho kama kunguru aliyeona mzoga. Kila wiki analeta keki.

"Kula, mzee Reino," ananiambia. "Usije ukafa na njaa."

"Nitakufa wewe umeshaoza, Arlo."

Kiti chenyewe sikihitaji. Mke wangu Lempi ana miaka mitatu kaburini, na siku sita za juma naongea na redio, na redio haibishi. Jumanne ndiyo siku ninayonyoa ndevu. Nimesema tu.

Jumanne, 14 Januari

Leo nimepata hirizi. Sisemi tumepata. Nimepata.

Kulikuwa na hekalu dogo lenye kisima kikavu. Colleen akafungua sanduku, Duane akaogopa kutia mkono, nikatia mimi. Marlys akatoa kitu chenyewe kwenye mfuko, maana amekitengeneza kweli: kipande cha bomba la shaba kilichopondwa kikawa duara, amechora taa juu yake, kimetiwa kamba ya kiatu. Kalle akiivaa, na mimi naivaa hapo mezani.

Akasoma kwenye kitabu chake: "Hirizi ya Horvan, mungu wa taa. Anayeivaa, kila tendo jema linahesabiwa mara mbili. Kikombe chake kikijaa maharage anaomba jambo moja, lake au la mwenzake, na Horvan hakatai. Lakini akiivua kwa mkono wake mwenyewe, Horvan anamgeuzia mgongo. Umesikia, mzee?"

"Mimi si kiziwi."

"Huyu ataivua kabla ya Pasaka," Duane akasema.

"Wewe uliyemsahau mtoto kwenye basi siku nzima ndiye unanifundisha kutunza vitu?"

"Alikuwa amelala chini ya kiti, Reino! Ni miaka arobaini sasa!"

Colleen alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani.

Ijumaa, 17 Januari

Baridi imeganda mpaka pikapu inakohoa tu. Redio inasema tukae ndani. Tungekuwa wapi tena?

Jumanne, 21 Januari

Kikombe kimejaa. Tumefika kwenye daraja lililokatika, chini moto mtupu, nyuma yetu mbwa wasio na ngozi. Nikashika hirizi nikasema, "Horvan, daraja." Daraja likaja. Marlys alisema halijawahi kuonekana daraja la mwanga kama lile. Nikawaambia ni kwa sababu ya namna nilivyoomba. Wengine wangebwabwaja, mimi nimesema neno moja.

Duane akapita juu ya daraja langu bila kusema asante.

Jumanne, 28 Januari

Tumeshuka ghorofa mbili. Maharage yanaingia vizuri. Arlo alileta keki ya limau, nikala vipande vinne mbele ya macho yake.

Jumanne, 4 Februari

Nimedhulumiwa. Naandika yote kama yalivyokuwa.

Tumetoka kwenye vita vya panya, tumechoka, tukaingia kwenye pango. Marlys akasema, "Hapa kuna chemchemi ya maji ya moto. Mawe yanawaka, mvuke umejaa pango. Hakuna adui. Mnafanya nini?"

Duane akasema Haldor analala, upanga mkononi. Colleen akasema Mirel anakagua milango. Mimi nikasema, "Naingia kwenye mvuke."

"Kufanya nini?"

"Kufanya nini! Mawe ya moto, maji, mvuke. Hiyo ni sauna, Marlys. Kalle hajaoga tangu tumeanza kushuka. Hata mungu wake anamsikia harufu."

Marlys akaniangalia. Sasa nikikumbuka aliniangalia vibaya. "Anaingiaje?"

"Uchi. Wewe ulifikiri na koti?"

"Na hirizi?"

Nikacheka. Mwanadamu gani anaingia sauna na chuma shingoni? Kinashika moto, kinakuchoma mpaka kovu. Baba yangu alikuwa anavua hata pete ya ndoa, anaitundika kwenye msumari mlangoni. Mimi sijawahi kuingia na chuma tangu nazaliwa, na nilizaliwa humo humo saunani, mama hakwenda hospitali. Haya yote nilikuwa nayasema, na mkono ukawa umeshatangulia. Nimeshaipitisha kamba juu ya kichwa. Hirizi iko mezani karibu na kikombe cha kahawa.

"Ee mzee," Colleen akasema polepole.

Kule kwenye birika Arlo akasimama.

Marlys akachukua kikombe changu akamwaga maharage yote ndani ya chupa anamoyatoa. Nayasikia mpaka sasa. "Horvan amekugeuzia mgongo."

"Kwa kuoga?"

"Kwa kuivua."

"Mungu gani hajui sauna?"

"Kwenye kitabu hakuna sauna, mzee."

"Basi kitabu kimeandikwa na Mswidi!"

Duane alilaza kichwa mezani akacheka mpaka mabega yanaruka. Nikamwambia Mnorwei kazi yake kucheka, yeye anaoga Krismasi kwa Krismasi.

Marlys akasoma tena. Nikitaka Horvan ageuke, sharti nisimame mbele ya wenzangu nimwombe msamaha kwa sauti. Ndipo naivaa upya, na kikombe kinaanza kitupu. Nimemwambia sijawahi kuomba msamaha kwa kuoga na sitaanza nikiwa na miaka sabini na tisa.

Jumatano, 5 Februari

Bado nimekasirika. Nimewasha sauna yangu nikaoga muda mrefu.

Jumanne, 11 Februari

Hirizi nimeitia mfukoni mwa shati. Marlys ameuliza kama nina neno kwa Horvan. Nikasema ninalo, ila haliwezi kusemwa chini ya kanisa.

Alhamisi, 13 Februari

Colleen amekuja kunipima. Presha imepanda. Akaniuliza ni chumvi au ni Horvan.

Nikamwambia ni Duane, kwamba kile kicheko chake ndicho kinanipandisha. Akafunga mashine yake, akakaa kwenye kiti cha Lempi, jambo ambalo huwa hafanyi.

"Unajua hali ya Ardis, mkewe?"

"Najua anasahausahau."

"Hajui hata jiko ni la nini. Mwezi uliopita alitoka nje na soksi. Duane hamwachi hata dakika. Jumanne dada yake Ardis, Verna, anakuja kukaa naye, ndipo Duane anatoka. Hayo masaa matatu ndiyo juma lake lote."

"Mbona hajawahi kusema?"

"Mzee Reino, wewe unamwachia mtu nafasi ya kusema?"

Nikamwambia amemaliza kupima, aende.

Jumanne, 18 Februari

Tufani ya theluji. Hakuna mchezo. Mlango wa mbele haufunguki, nimetoka kwa dirisha la jikoni na koleo. Vijana wangempigia simu mtu.

Jumanne, 25 Februari

Siku mbaya. Tumeingia kwenye ukumbi wa buibui. Ningekuwa na kikombe, ningesema neno moja na taa ya Horvan ingewakausha wote. Sikuwa nacho. Kalle alipigana vizuri sana, aliua wawili kwa pigo moja, Marlys mwenyewe alishangaa. Lakini buibui mkubwa alimshika Haldor mkono wa kushoto, na sumu ikapanda, na Colleen ikabidi aukate begani kwa kisu cha kufuli ili asife.

Nilingoja Duane anitukane. Nilishatayarisha la kumjibu. Yeye alichukua kifutio akafuta neno ngao kwenye karatasi yake, maana ngao inataka mkono, akapulizia vumbi la kifutio, akasema, "Haya, tuendelee."

Bora angenitukana.

Njiani kwenda kwenye magari nilimuuliza, Ardis hajambo? Akasimama akaniangalia kama nimeongea Kichina.

"Leo hajambo," akasema. "Leo aliniita jina langu."

Jumanne, 4 Machi

Nimesema. Sikulazimishwa na mtu.

Tulipokaa tu nikasimama, nikatoa hirizi mfukoni. Arlo akaacha kutafuna.

Nikasema: "Horvan. Mimi Kalle. Niliivua hirizi yako nikaoga. Kwa kuoga sikukosa. Kwa kuivua nilikosa, maana nilishaambiwa nisivue. Basi."

"Huo ndio msamaha?" Marlys akauliza.

"Marlys, ukubali," Colleen akasema. "Nimemjua miaka kumi. Hapo ametoa damu."

"Mimi nilitegemea machozi," Duane akasema.

"Machozi nitakupa wewe nikikupiga nyundo."

Marlys akatupa dadu nyuma ya ile kadibodi anayoisimamisha tusimwone, akaziangalia kwa makusudi ili tuteseke, halafu akasema Horvan amegeuza kichwa. Mwili bado, kichwa tu. Nikaivaa. Shaba ilikuwa baridi kifuani.

Jumanne, 11 Machi

Maharage mawili. Kalle alimbeba mtoto wa adui kumvusha mto. Sikupenda, ila linahesabiwa.

Jumapili, 16 Machi

Theluji ya juani imeanza kuwa ya maji. Barafu ya ziwani inanguruma kama treni la mgodi.

Jumanne, 18 Machi

Kikombe karibu kijae. Duane alileta pasti, mikate iliyojazwa nyama na viazi, amezipika mwenyewe, ngumu kama tofali. Nimekula mbili. Sikusema kitu.

Jumanne, 25 Machi

Naandika haya kesho yake asubuhi, ila ni ya jana.

Tumefika chini kabisa. Marlys alizima taa moja. Kuna jitu la mawe lisilo na macho, linasikiliza. Nyuma ya jitu kuna ngazi ya kutokea, na mlango wa jiwe unashuka polepole. Maji yameingia, yanapanda. Colleen alitupa dadu vizuri, Mirel akapita kati ya miguu ya jitu akafika kwenye ngazi na ufunguo. Amepona, ila peke yake hawezi kuuzuia mlango.

Haldor alijaribu kupita, akateleza. Angekuwa na ngao angejikinga. Jitu likamkanyaga, likambana chini, maji mpaka kidevuni. Mimi nilikuwa upande wa pili, nimebanwa kwenye ukuta, nyundo imevunjika mpini, maji mpaka kifuani, na Kalle ni mfupi.

Kikombe kimejaa. Sala moja.

"Mkibaki hivi mnakufa wote wawili," Marlys akasema. Hakuwa anatania. "Sala inamtoa mmoja. Mzee?"

Arlo alikuwa amesimama nyuma yangu kabisa. Nasikia pumzi yake.

Duane akasema, "Jiombee, Reino. Hirizi ni yako. Mimi nina mkono mmoja, nitawafaa nini?"

"Nyamaza, Mnorwei. Naongea na mungu."

Nikaishika. Ilikuwa ya moto sasa, kwa kukaa mwilini. Nilifikiria kidogo. Nimewahi kufikiria kwa muda mfupi zaidi kuliko hapo nikiwa na mwamba juu ya kichwa, na nilifikiria sawasawa. Nikasema, "Haldor."

"Una hakika?"

"Nimeshasema."

Marlys akaeleza namna mwanga ulivyoingia ndani ya maji, namna mguu wa jitu ulivyonyanyuka, namna Haldor alivyojikuta kwenye ngazi karibu na Mirel, mzima, akikohoa, na wawili wale wakapita chini ya mlango ukajifunga. Aliieleza vizuri. Halafu akaniangalia na kusema maji yamefika kwenye dari.

Nikauliza, "Kalle alinyanyua nyundo?"

"Alinyanyua kile kilichobaki."

"Nilijua."

Duane alikuwa anaiangalia karatasi yake. Hakusema asante, na safari hii nilimshukuru kwa hilo. Colleen akaja akaniondolea hirizi shingoni, maana maiti havui mwenyewe, akairudisha kwenye mfuko.

Nikasimama. Arlo akavua koti. Chini ya koti alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi na tai. Nikatambua, huyu mtu kila Jumanne ya majira yote haya alikuwa anavaa tai chini ya lile koti, na anarudi nayo nyumbani bila mtu kuiona. Nikamvutia kiti. Nikamwambia mguu mmoja umelegea, asiegemee kulia.

Ijumaa, 28 Machi

Nimepasua kuni. Hazikuhitajika.

Jumanne, 1 Aprili

Saa ilipofika nilijikuta ndani ya pikapu, injini inanguruma. Sikuwa na pa kwenda. Nikazima, nikarudi ndani, nikaisikiliza redio. Walikuwa wanaongea habari za mbolea.

Alhamisi, 3 Aprili

Nilikuwa naondoa matope mlangoni, nikaona gari la Duane limesimama barabarani, haingii wala haondoki. Nikamwita kwa kumpungia koleo.

Akaja na mikono mfukoni. Ardis alikuwa ndani ya gari, amevaa kofia ya Duane, ananipungia mkono.

"Verna ameanguka," akasema. "Barafu ya ngazini. Amevunjika nyonga. Amelazwa hospitali, Duluth, na akitoka atakaa kwa mwanawe mpaka majira ya kupukutika majani. Juzi nimekosa mchezo. Nitakosa na zinazofuata." Akapiga teke bonge la theluji. "Nimekuja kukuambia uso kwa uso. Ile sala yako umeipoteza. Ningejua, nisingekuacha uiombe."

"Hukuniacha. Nilikunyamazisha."

"Hata hivyo."

"Sala zangu hazipotei. Jumanne nitakaa naye mimi."

"Wewe?"

"Nimekaa miaka thelathini na nane na mashine inayochota mawe lori zima kwa mkupuo, nitashindwa na mwanamke mmoja wa Kinorwei?"

"Atakuita majina ya watu waliokufa. Atakuuliza jambo moja mara kumi."

"Mgodini nimeitwa mabaya zaidi."

Nikamwambia aende, ananikanyagia sehemu niliyosafisha.

Jumanne, 8 Aprili

Nimekwenda. Duane alinionyesha jiko, alipolifungia gesi, mlango wa nyuma, dawa. Alinionyesha mara mbili. Nikamsukuma nje.

Ardis aliniita Lars, ambaye nadhani ni kaka yake. Akaniuliza Duane amekwenda wapi. Nikamwambia amekwenda shimoni kupigana na majitu. Wengine wangemwambia amekwenda dukani. Akakaa vizuri kwenye kiti.

"Majitu makubwa?"

Basi nikamweleza. Nilimweleza hekalu na kisima, daraja la mwanga, buibui, na Kalle, mtu wa mlimani ambaye hakuna jitu lililopenda kukutana naye. Aliuliza maswali mazuri, kuliko Colleen. Nilipofika kwenye sauna akasema, "Bila shaka alivua! Ingemchoma!" Mwanamke wa Kinorwei huyo. Nikamwambia aandike barua kwa Marlys.

Baada ya chai alikuwa amesahau, akauliza tena Duane yuko wapi, nikaanza upya. Safari hii buibui walikuwa wakubwa zaidi. Ya tatu jitu lilikuwa limeupita mnara wa maji wa mjini. Hakubisha.

Jumanne, 15 Aprili

Ardis amelia kidogo kwa sababu hakulijua bafu lake. Nilisimama mlangoni nikimweleza kila kitu kilipo mpaka akatulia. Halafu majitu.

Jumatano, 23 Aprili

Marlys amepiga simu. Barafu imetoka ziwani na yeye anapiga simu kuzungumza habari za barafu, nikajua kuna kitu.

"Arlo amekufa," akasema.

Nilikaa chini. "Arlo Pelkey?"

"Hapana, hapana, mzee! Mtu wake. Jana. Alifungua mlango mmoja na hakusikiliza kwanza. Alikuwa na haraka, maskini, amengoja muda mrefu mno. Amelia, tukampa keki yake mwenyewe."

"Mwambie mtu wa kwanza kila mtu anampoteza hivyo."

"Ninapiga kwa sababu hii. Sasa hakuna anayengoja. Kiti kiko tupu, na tumekubaliana wote, hata Duane amepiga kura, kwamba theluji ya mwaka mwingine ni mbali. Utengeneze mtu mpya. Hirizi tutakurudishia. Jumanne ijayo?"

Nilikiangalia kile kiti cha Lempi, nikaangalia redio. Naandika kweli: nilitaka. Nilitaka mpaka mkono uliniuma kwenye simu. Duane amepiga kura akijua nikirudi mimi yeye anabaki nyumbani, na hakuniambia, yule mpumbavu.

"Jumanne siwezi," nikamwambia. "Nina kazi."

"Kazi gani, mzee?"

"Kuna mtu ananingoja nimweleze kama Haldor alitoka."

"Si alishatoka?"

"Wewe unajua," nikasema. "Yeye bado hajui."